Namna ya Kuonyesha Mulholland Drive Sebuleni, Wageni Wakabishana Vizuri

Kwanza onyo: hapa chini filamu nzima inaanikwa, pamoja na mwisho wake. Ninaandika kwa ajili ya mwenye nyumba atakayewasha projekta, mgeni hayamhusu haya. Kama hujaiona, kaione kwanza.

Nilikuwa na duka la kukodisha kanda hapa Tanga, tangu zama za VHS mpaka DVD zilipokuja zikaua kanda, kisha simu zikaja zikaua DVD. Duka lilikufa, lakini tabia ya kukusanya watu waangalie kitu pamoja haikufa. Na katika mikanda yote niliyowahi kuikodisha au kuionyesha, hakuna unaokigawa chumba kama Mulholland Drive ya mwongozaji Mmarekani David Lynch, ya mwaka 2001. Filamu ya vita ikiisha watu wanasifia au wanaponda, chai inanywewa, wanaaga. Hii ikiisha kuna mtu anasimama kwa hasira kutafuta viatu, na kuna mwingine bado ameukazia macho ukuta. Shemeji yangu aliniuliza kwa upole kabisa kama diski ilikuwa na mikwaruzo, maana kwa hesabu zake iliruka mahali.

Ugomvi huu haukuanzia kwangu. Mwaka 2016 BBC iliwauliza wahakiki 177 wa nchi mbalimbali wataje filamu bora za karne hii, na hii ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Kwenye orodha ya jarida la Sight and Sound ya mwaka 2022 ilikuwa ya nane kati ya filamu zote za tangu sinema ianze. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2001 Lynch aligawana tuzo ya mwongozaji bora na Joel Coen. Lakini tangu wiki zile za kwanza walikuwepo wahakiki walioiita takataka, na wapo hadi leo. Mhakiki wa Marekani Roger Ebert, aliyekuwa ameipa Blue Velvet ya Lynch huyo huyo nyota moja tu mwaka 1986, hii aliipa zote nne. Kwa hiyo usifikiri kazi yako ni kuwapatanisha wageni. Kazi yako ni kuhakikisha kila mmoja anabisha kuhusu kitu alichokiona kweli.

Nani aalikwe, na nani asialikwe

Watu wanne mpaka wanane wanatosha. Wakizidi hapo, wawili wenye sauti kubwa wataimaliza jioni peke yao. Changanya. Ukialika wapenda sinema watupu utapata hotuba, na ukialika wachovu watupu utapata mikoromo. Mimi hupenda kuwa na mtu mmoja wa hesabu, mmoja anayefanya kazi ya mikono, na mmoja ambaye hajali kabisa mambo ya sinema lakini ana maneno yake.

Watoto hapana. Wakwe hapana. Kuna mandhari ya mapenzi ya wanawake wawili kitandani, na nyingine karibu na mwisho ya mwanamke aliye peke yake, inayouma zaidi kuliko inavyoaibisha. Usidhani utaziruka kwa rimoti, kwa sababu hadithi imefungiwa humo humo. Kwa hiyo mpigie simu kila mgeni mapema, mwambie kuna nini, aamue mwenyewe. Aliyekuja na mama yake bila taarifa utakaa naye barazani jioni nzima, na filamu ataisikia ukutani.

Muda, umeme na sauti

Filamu ina dakika 147. Anza saa moja na nusu jioni, itaisha kabla ya saa nne, na ubishi utakuwa na nafasi yake. Angalia LUKU mchana, tia umeme wa kutosha. Ukikatika katikati, usiwaambie warudi kesho kumalizia kipande kilichobaki. Anza upya siku nyingine.

Simu ziwekwe kapuni, na hili usilionee haya. Lynch mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mkubwa wa televisheni ya ABC ya Marekani aliyeikataa kazi hii aliiangalia saa kumi na mbili asubuhi, amesimama, kahawa mkononi, huku akipiga simu. Maana ilianza hivyo: ilipigwa mwaka 1999 iwe kipindi cha kwanza cha tamthilia ya ABC, ABC wakaikataa, ikakaa kabatini. Baadaye Wafaransa wa kampuni ya televisheni ya Canal+ wakatoa pesa, Lynch akawarudisha waigizaji, akapiga mandhari za ziada na mwisho mpya, ikawa filamu ya sinema. Kariri historia hii lakini ifiche. Utaihitaji baada ya saa nne usiku, ikiwa silaha ya kutuliza watu.

Sauti iongeze kuliko ulivyozoea. Filamu ilipotoka, Lynch aliwaandikia waendesha mitambo wa majumba ya sinema barua akiwaomba waipandishe kwa desibeli tatu. Alikuwa na sababu: kuna mvumo wa chini unaopita nyuma ya vyumba vitupu na barabara za usiku, na vispika vya laptop haviutoi kabisa. Mwenye spika ya sabufa aje nayo, apewe kiti kizuri.

Useme nini kabla ya kuanza

Machache. Mimi husema hivi: kuna mwanamke amepata ajali Los Angeles na amesahau jina lake, kuna msichana mgeni mjini anataka kumsaidia, shikeni majina na sura, na mtu asiniulize kitu mpaka taa ziwake.

Usithubutu kusema neno ndoto. Nimeona linavyofanya kazi: ukishamwambia mtu kwamba anachokiangalia ni ndoto, anaacha kumwonea huruma yeyote, kwa sababu anajua hakuna anayekufa kweli. Na wale wanaochukia hadithi za "kumbe alikuwa amelala" watakuwa wamekasirika tangu dakika ya kumi.

Kuna suala la lugha. Ikiwa baadhi ya wageni hawafuati Kiingereza, mteue mtu mmoja awatafsirie kwa sauti ya chini, na mwambie mbele ya wote kwamba atasema yanayosemwa tu, asiongeze lake. Hili ni gumu kwetu. Wengi tulilelewa na wasimulizi wa kibanda umiza, wanaomwaga maneno yao juu ya filamu ya Kichina, na kabla hata jina la filamu halijapita tayari umeshaambiwa steringi ni yupi na adui ni yupi. Kwenye filamu hii msimulizi wa hivyo angeishiwa maneno saa mbili ndani, pale steringi anapopotea chumbani kama mvuke na filamu ikaendelea bila yeye.

Wakati inaendelea, waangalie wageni

Wewe umeshaiona, kwa hiyo kaa pembeni uangalie nyuso. Kuna mahali patatu pa kukujulisha mapema nani atasema nini baadaye.

Pa kwanza ni mgahawa wa Winkie's. Mchana mweupe, wanaume wawili mezani. Mmoja anamweleza mwenzake ndoto aliyoiota mara mbili: yuko kwenye mgahawa huu huu, ana hofu, na nyuma ya jengo kuna mtu mwenye sura ambayo hataki kamwe kuiona akiwa macho. Mwenzake analipa, wanatoka nje kuhakikisha. Wanashuka ngazi, wanapita kwenye kibao cha kuingilia, kamera inawafuata polepole mpaka kona ya ukuta. Umeshaambiwa kuna nini pale. Umeambiwa hadi sura ikoje. Na bado kinapotokea, watu wazima hurusha vikombe. Ukitaka kujua nani atafurahia jioni hii, mtazame anayecheka sekunde tatu baada ya kushtuka. Anayeuliza "sasa yule ni nani?" andaa majibu, utamsikia tena.

Pa pili ni usaili wa Betty, yule msichana mgeni mjini anayetaka kuwa mwigizaji. Jikoni alipokuwa akifanya mazoezi na yule mwenzake aliyesahau jina, maneno yale yalikuwa ya kipuuzi, wakacheka wenyewe. Anapofika ofisini kwa watengenezaji anayasema maneno yale yale, akiwa amemsogelea mwigizaji mzee karibu kabisa na uso, kwa sauti ya kunong'ona, na chumba kizima kinaacha kupumua. Naomi Watts, anayemwigiza Betty, alikuwa amezunguka Hollywood kwa miaka bila kupata nafasi ya maana kabla ya filamu hii, na pale unaona mtu analipiza. Hata mpinzani mkubwa wa filamu hukubali kwamba hapa paliiva.

Pa tatu ndipo filamu yenyewe inapokaa. Wanawake wawili wanaamka saa nane usiku, wanakwenda kwenye ukumbi unaoitwa Silencio. Jukwaani mtu anawaambia kwa Kihispania na Kiingereza: hakuna bendi, vyote hivi ni kanda. Mpiga tarumbeta anatoa chombo mdomoni, muziki unaendelea. Mmeelewa? Mmeelewa. Kisha anatoka Rebekah Del Rio, amejichora chozi chini ya jicho, anaimba kwa Kihispania wimbo wa Roy Orbison, Crying, bila chombo hata kimoja. Betty na mwenzake wanalia. Sebuleni kwangu pia hulia mtu. Katikati ya wimbo mwimbaji anaanguka, anaburutwa kupelekwa nyuma ya pazia, na sauti inaendelea kuimba. Uliambiwa ni kanda. Ulikubali. Ukalia hata hivyo, na sasa machozi yako yanakutazama. Wageni hugawanyika hapa hapa kabla hata hawajajua: kuna anayejiona ametapeliwa, na kuna anayeshangaa kwamba alijua na bado kaguswa.

Muda mfupi baadaye kisanduku cha buluu kinafunguliwa, na takriban nusu saa ya mwisho inaanza. Mwigizaji yule yule aliyekuwa Betty sasa anaitwa Diane, ana macho mekundu na chumba kichafu. Aliyekuwa hana jina sasa ni Camilla, nyota anayemwacha Diane kwa ajili ya mwongozaji wa filamu. Hapa ndipo utakaposikia "imeruka". Usisimamishe. Usijibu. Mwonyeshe mtu ukuta kwa kidole, basi.

Taa zikiwaka

Leta chakula kwanza. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, chai ya tangawizi. Mtu mwenye muhogo mdomoni hatoi hukumu haraka.

Kisha weka sheria moja na uisimamie bila huruma: kabla ya mtu yeyote kusema filamu ni nzuri au mbaya, kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiona kwa macho. Maoni baadaye. Sheria hii imeokoa jioni nyingi. Jirani yangu seremala, ambaye alikuwa tayari amekunja uso, alisema ameona funguo mbili: ile ya buluu ya mwanzo ina umbo la ajabu la pembe tatu ambalo hakuna kitasa duniani kinaweza kulipokea, na ile ya buluu ya mwishoni ni ufunguo wa kawaida wa mlango. Mimi nilikuwa sijalitilia maanani hilo. Binti wa dada yangu, msusi, aliona kwamba mwanamke asiye na jina akivaa wigi la njano anafanana na mwenzake mpaka unawachanganya. Mwalimu wa hesabu alisema mhudumu wa Winkie's ana beji ya jina Diane mara ya kwanza, na Betty mara ya mwisho. Kufikia hapo hata aliyekuwa anatafuta viatu alikuwa ameketi.

Sasa fungua ubishi. Utakutana na makundi, na kila moja lina dawa yake.

Wenye hasira waanze, wamwage yote. Wana hoja, na ukiwaambia "hamkuelewa" umewatukana na pia umesema uongo. Wapelelezi wawili wanakuja eneo la ajali kwa makeke, wanaongea dakika moja, hawaonekani tena. Kwa nini? Hapo ndipo unapotoa ile historia ya ABC: walikuwa wahusika wa tamthilia ambayo haikutengenezwa, na wiki zao za mbele hazikuwahi kuwepo. Nimeona watu wakitulia kabisa kusikia hivi. Hawaipendi filamu zaidi, lakini wanaacha kuhisi kwamba wajinga ni wao.

Kundi la pili ni wenye jibu. Watasema kwa uhakika wa mhubiri: sehemu ya kwanza ni ndoto ya Diane, sehemu ya mwisho ni ukweli. Alimkodisha muuaji amuue Camilla, akajiotea dunia ambamo yeye ana kipaji, anapendwa, na mpenzi wake hawezi kuishi bila yeye. Ushahidi wao ni mzuri. Mwanzoni kabisa, baada ya watu wanaocheza dansi, kamera inazama kwenye mto mwekundu huku mtu akipumua kwa nguvu. Wazito wanaomlazimisha yule mwongozaji wa ndani ya filamu achukue mwigizaji wao wanasema "huyu ndiye msichana", na mwishoni tunamsikia Diane akimwambia muuaji maneno hayo hayo juu ya picha. Wapongeze. Mimi mwenyewe nipo karibu na upande huu.

Lakini usiwaache wakifunga mlango. Waulize: yule mwanamume wa Winkie's aliyekufa kwa hofu, Diane anamwota kwa nini? Na kama nusu saa ya mwisho ni ukweli mtupu, mbona ndani yake yule mtu wa nyuma ya mgahawa anashika kisanduku cha buluu, na wazee wawili wadogo kama mende wanapita chini ya mlango? Watatengeneza nadharia mpya palepale, na ni raha kuwasikiliza. Wakikuomba jibu la mwenyewe, waambie Lynch alifariki Januari 2025 bila kulitoa. Alichokubali ni kuweka vidokezo kumi kwenye DVD, nusu yake vikiwa maswali: nani anatoa ufunguo, na kwa nini? Shangazi Ruth yuko wapi? Tazama kifuniko chekundu cha taa. Na DVD yenyewe hakuigawa katika sura, ili mtu asiweze kurukia kipande anachokitaka. Kama nina la kumlaumu marehemu ni vile vidokezo. Vimewafanya watu wazima wahesabu visahani vya majivu ya sigara wakati kuna mwanamke analia mbele yao.

Waliolala waache walale.

Wa mwisho kuulizwa wawe wale waliokaa kimya, na uwaulize wewe, kwa sababu wenyewe hawataingia katikati ya makelele. Binti wa dada yangu alipofikiwa alisema: "Anko, mbona ni rahisi. Alikuja mjini kutafuta maisha, hakufanikiwa, mwenzake akafanikiwa na akamwacha, akamuua, kisha akashindwa kukaa na alichofanya." Mwalimu wa hesabu akauliza, sasa steringi nani, adui nani? Akajibiwa: "Ni yeye huyo huyo." Ningeweza kukodisha filamu hii miaka ishirini nisiiseme kwa ufupi namna hiyo.

Ikionyeshwa mara ya pili

Wataomba. Hata wenye hasira huja, wakidai wanakuja kuthibitisha. Mara hii tumia njia aliyokuwa akiitumia Roger Ebert kwenye mkutano wa kila mwaka kule Boulder, Colorado, ambako aliipitia filamu hii hii na ukumbi mzima, picha kwa picha: yeyote akiona kitu anapaza sauti "simamisha!", filamu inasimama, anasema alichoona, mnajadili, mnaendelea. Kwa mtindo huu jioni moja haitoshi kwa dakika 147, gawanya mara mbili, kata pale wanapotoka kwenye nyumba yenye maiti. Rimoti ashike mtu asiye na nadharia.

Chagua pia cha kuwapa wanaoondoka. Walioipenda wape Lost Highway ya mwaka 1997, ya Lynch pia, ambayo nayo inambadilisha mhusika katikati ya safari. Walioichukia wape The Straight Story, iliyotoka mwaka 1999, mwaka ule ule ABC ilipomkatalia: kisa cha kweli cha mzee Alvin Straight aliyeendesha mashine ya kukatia nyasi kutoka Iowa mpaka Wisconsin, zaidi ya kilomita 380, kumwona kaka yake mgonjwa waliyekuwa wamekosana. Inaanza mwanzo, inaisha mwisho, ilisambazwa na Disney, na hii unaweza kuiwasha mama mkwe akiwa kiti cha mbele.